Duka la Usafi wa Ndoa

Mwaka 1962, katika mji wa Flensburg kaskazini mwa Ujerumani, karibu na mpaka wa Denmark, mwanamke aitwaye Beate Uhse alifungua duka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani. Vita vilipokwisha, Wajerumani hawakuruhusiwa tena kurusha ndege, naye alikuwa mjane mwenye mtoto mdogo. Akaanza kuwauzia wanawake kijitabu cha kuhesabu siku ili wasishike mimba katika nchi iliyokuwa magofu. Kijitabu kikazaa biashara ya posta, na biashara ya posta ikazaa duka. Wengi wanaoandika historia ya mambo haya hulitaja kuwa duka la kwanza duniani la bidhaa za ngono. Lakini mwenyewe hakuliita hivyo. Aliliita duka maalumu la usafi wa ndoa.

Jina hilo nimelifikiria sana. Lilikuwa la werevu, na kwa wakati wake lilikuwa la lazima, kwa sababu mfanyabiashara huyo alishtakiwa mahakamani mara nyingi mno. Neno "ndoa" lilimtuliza padri. Neno "usafi" lilimtuliza polisi. Mteja alijua alichokifuata.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kwa zaidi ya miaka mia moja, vifaa ambavyo watu hujistareheshea navyo faraghani vimepita forodhani, posta na mahakamani kwa majina ya kuazima. Mara viliitwa vifaa vya tiba, mara vya usafi, mara vya mzaha. Kila jina lilimwokoa muuzaji. Hakuna hata moja lililomweleza mnunuzi jambo dogo kuliko yote, yaani kifaa chenyewe kimetengenezwa kwa kitu gani, na kinaoshwaje.

Nina sababu ya kulijali hili. Mdogo wangu mmoja, binti wa mama mdogo, alinitumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa picha ya boksi la kifaa alichokinunua mtandaoni na kuletewa na bodaboda ndani ya mfuko mweusi. Boksi halikuonyesha jina la kiwanda wala malighafi. Kwa nyuma, kwa herufi ndogo za Kiingereza, liliandikwa kwamba bidhaa hiyo ni ya mzaha tu. Chini ya picha aliandika: "Dada, hiki kinaoshwaje?"

Hakuwa anauliza kwa udadisi. Katika mwaka huo alikuwa ameugua maambukizi ya sehemu za siri mara tatu. Mara ya tatu, kwenye zahanati ambayo sitaitaja, muuguzi alianza kwa kumuuliza kama ameolewa. Aliposema hapana, akaona uso wa muuguzi ukibadilika, akameza yote aliyokuwa ameyapanga kusema. Akaandikiwa vidonge vilevile, akalipa, akaondoka. Labda kifaa hakikuhusika hata kidogo. Lakini hakuna aliyeweza kujua, kwa sababu hakuna aliyeuliza, na yeye hakuthubutu kusema.

Nilitafuta jibu lake. Jibu lenyewe ni fupi, nitalitoa mbele. Kilichonichukua muda ni swali la pili: kwa nini halikuwemo ndani ya boksi?

*

Vifaa hivi si uzushi wa siku hizi. Katika pango la Hohle Fels, kusini mwa Ujerumani, wanaakiolojia waliunganisha vipande 14 vya jiwe vikatoa umbo la uume, lenye urefu wa karibu sentimita 20, lililong'arishwa kwa mkono wa binadamu miaka 28,000 hivi iliyopita. Lilitangazwa mwaka 2005. Lina alama zinazoonyesha kwamba lilitumika pia kugongea mawe ya kutengenezea zana. Kama lilitumika kwa kazi nyingine, jiwe halisemi.

Wagiriki wa kale ndio waliosema. Mshairi Herodas, aliyeishi karne ya 3 kabla ya Kristo, aliandika michezo mifupi ya maisha ya kawaida. Maandishi yake yalipotea hadi mafunjo yaliyopatikana Misri yalipochapishwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1891. Katika mchezo wake wa sita, mwanamke aitwaye Metro anamtembelea rafiki yake Koritto na kumuuliza ni fundi gani aliyemshonea kile kifaa chake cha ngozi nyekundu. Koritto anashtuka. Metro amekiona wapi? Amekiona kwa mwanamke mwingine kabisa. Kumbe Koritto alimwazima rafiki mmoja baada ya kubembelezwa sana, kabla hata yeye mwenyewe hajakitumia, na huyo rafiki akampa mwingine. Koritto anawaka kwa hasira.

Ukiusoma mchezo huu leo, unasikia soga ambayo ingeweza kufanyika saluni yoyote ya Kinondoni. Ila hasira ya Koritto ni ya mtu aliyesalitiwa siri yake na mali yake. Haimjii akilini kwamba kifaa kilichopita mikono mitatu kinaweza kuwa kimebeba kitu. Na angejuaje? Ngozi hufyonza majimaji, haichemshiki bila kuharibika, na haikauki kwa ndani. Kwa macho yetu ya leo, ni vigumu kubuni malighafi mbaya zaidi kwa kazi ile. Lakini ilibaki zaidi ya miaka 2,000 kabla ya mtu yeyote kuviona vimelea vilivyoweza kujificha humo.

Maarifa yalikuja polepole. Mwaka 1564 kilichapishwa kitabu cha tabibu Mwitalia Gabriele Falloppio, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla, kilichoeleza ala ya kitambaa cha kitani ya kujikinga na kaswende. Alidai kwamba aliijaribu kwa wanaume 1,100 na hakuna aliyeambukizwa. Hakujua ugonjwa unasababishwa na nini, lakini alikuwa ameshakisia kanuni: weka kizuizi kati ya mwili na mwili. Mwaka 1836 Mfaransa Alfred Donné aliweka majimaji ya ukeni chini ya hadubini akakiona kidudu kinachoogelea, ambacho leo tunakiita trikomonasi. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, katika hospitali ya wazazi ya Vienna, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wajawazito, na vifo vikashuka mno. Wenzake walimdhihaki. Mwaka 1879 Mjerumani Albert Neisser alikitambua kijidudu cha kisonono.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1880 ilikuwa imeshajulikana kwamba ugonjwa husafiri. Husafiri kwa mikono, kwa taulo, kwa vyombo. Madaktari wa upasuaji wakaanza kuchemsha visu vyao. Hapakuwa na sababu ya kisayansi ya maarifa hayo kuishia mlangoni pa chumba cha kulala.

Sababu ilikuwa ya kisheria.

*

Mwaka 1873 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kwa jina la mtu aliyeipigania, Anthony Comstock. Ilikataza kutuma kwa posta maandishi machafu, dawa na vifaa vya kuzuia mimba, na kitu chochote cha matumizi yaliyoitwa ya uasherati. Ilikataza hata kutuma maelezo ya mahali pa kuvipata. Comstock mwenyewe alifanywa wakala maalumu wa posta, akapewa mamlaka ya kukamata.

Tazama tarehe hizo zilivyokaribiana. Miaka sita kabla ya Neisser kukiona kijidudu cha kisonono, sheria ilikuwa imeshaufanya uchapishaji wa maelezo ya wazi kuhusu vifaa vya faragha kuwa njia ya kwenda jela. Wakati huohuo teknolojia ya Charles Goodyear ya kuupika mpira kwa salfa, iliyopewa hataza mwaka 1844, ilikuwa imewezesha kondomu na vifaa vingine vya mpira kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo. Bidhaa zilizidi kuongezeka na maelezo yakazidi kufichwa.

Wauzaji hawakuacha kuuza. Walibadilisha majina. Njia za kuzuia mimba zikaanza kutangazwa Marekani kwa jina la "usafi wa kike". Chini ya jina hilo ndipo ilipoingia Lysol, dawa ileile ya kuua vijidudu sakafuni na chooni. Kuanzia miaka ya 1920 magazeti ya wanawake yalijaa matangazo yake, yenye picha za wake waliotelekezwa na waume kwa kukosa "usafi". Kilichomaanishwa, na kila msomaji alikijua, ni kujiosha ndani ya uke kwa maji yaliyotiwa Lysol baada ya tendo ili kuzuia mimba. Haikuzuia mimba. Ilichoma. Kufikia mwaka 1911, kabla hata ya kilele cha matangazo hayo, madaktari walikuwa wameshaorodhesha kesi 193 za watu waliodhurika kwa sumu ya Lysol, na vifo 5 vya waliojiosha nayo ndani.

Historia ya Lysol hunirudia kila ninaposikia neno "usafi" likitumika kwa mwanamke. Uchafu ulisemwa uko mwilini mwake. Bomba la kujioshea, lililoingizwa na kutolewa na kurudishwa kabatini likiwa na unyevu, hakuna tangazo lililolitilia shaka.

Kifaa cha umeme kilipita njia nyingine, ile ya tiba. Katika miaka ya 1880 daktari Mwingereza Joseph Mortimer Granville alibuni mashine ya kutetemesha misuli kwa ajili ya maumivu. Kuna simulizi maarufu kwamba madaktari wa zama za Malkia Victoria waliitumia kuwafikisha wanawake kileleni kama tiba ya "histeria". Simulizi hiyo ilipata nguvu kutoka kitabu cha Rachel Maines cha mwaka 1999, ikaingia hadi kwenye filamu. Mwaka 2018 wanahistoria Hallie Lieberman na Eric Schatzberg walipitia vyanzo vyake kimoja kimoja wakaonyesha kwamba haina ushahidi. Granville mwenyewe aliandika mwaka 1883 kwamba aliepuka kuwatibu wanawake kwa mashine hiyo.

Ukweli ni mkavu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vibreta ziliuzwa kama vyombo vya nyumbani, kando ya pasi na feni, kwa ajili ya mgongo, shingo, kichwa na baridi yabisi. Bila shaka wapo walioipeleka mahali pengine. Lakini karatasi ya maelezo ilizungumza juu ya shingo, na shingo haihitaji kifaa kuoshwa kwa namna ya pekee.

*

Jina la tatu, la mzaha, ndilo lililokuwa kwenye boksi la mdogo wangu. Nalo lina historia yake.

Katika miaka ya 1970 jimbo la Texas liliweka sheria dhidi ya vifaa vichafu, yaani vifaa vilivyoundwa au kuuzwa hasa kwa ajili ya kusisimua viungo vya uzazi vya binadamu. Mtu aliyekutwa na sita au zaidi alihesabiwa moja kwa moja kuwa ni muuzaji. Alabama ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 1998, lakini ikaruhusu vile vya sababu halisi za kitabibu. Ya Texas ilitenguliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2008. Kwa mtengenezaji anayeuza nchi nzima, suluhisho lilikuwa kuandika kwenye boksi kwamba hiki ni kichekesho, zawadi ya kumtania bibi harusi, si cha kutumika.

Maneno hayo machache yalifanya kazi mbili kwa pamoja. Yalimkinga na sheria ya maadili, na yalimkinga na sheria ya afya. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huihesabu vibreta ya sehemu za siri kuwa kifaa tiba pale inapouzwa kwa ajili ya matibabu. Ikiuzwa kama kichekesho, iko nje ya mlango huo. Kisheria, mtengenezaji hakuwa anauza kitu kitakachoingia mwilini mwa mtu. Angelazimishwaje kueleza kimetengenezwa kwa nini?

Madhara yalikuwa kwenye malighafi. Vifaa vya bei rahisi vilitengenezwa kwa plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali ziitwazo fithaleti, au kwa mpira laini kama jeli. Desemba 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kemikali hizo kwenye vichezeo ambavyo watoto wa chini ya miaka 3 hutia mdomoni, na mwaka 2005 ukalifanya katazo hilo kuwa la kudumu. Mwaka 2006 Greenpeace ya Uholanzi ilipima vifaa vya faragha 8. Kati ya hivyo, 7 vilikuwa na fithaleti, kwa kiwango cha kati ya asilimia 24 na 51. Bata wa plastiki wa kuogea mtoto alikuwa na sheria. Kifaa cha mama yake hakikuwa nayo.

Kwa maambukizi, tatizo kubwa zaidi ni vitundu. Mpira wa jeli, PVC laini na plastiki nyingine zinazonyumbuka sana zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Majimaji huingia, sabuni haifiki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha utafiti mdogo wa wanawake 12 waliopewa vifaa viwili viwili, kimoja cha plastiki laini na kingine cha silikoni, pamoja na dawa ya kuvisafishia. Walitafuta chembe za HPV, virusi ambavyo baadhi ya aina zake huleta saratani ya shingo ya kizazi. Baada ya kusafishwa, baadhi ya vifaa bado vilikuwa navyo. Saa 24 baadaye, baadhi ya vile vya plastiki laini viliendelea kuwa navyo, lakini vya silikoni havikuwa navyo tena. Watu 12 ni wachache, na kukuta chembe za virusi si sawa na kuthibitisha kwamba mtu ataambukizwa. Lakini utafiti huo unatosha kumwonyesha mtu kwamba kupangusa kwa kitambaa si kusafisha.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, watafiti wa Seattle waliochunguza wanawake wanaoshiriki ngono na wanawake wenzao walikuwa wameona uhusiano kati ya kutokisafisha kifaa kila mara kabla ya kukitumia na hali ya bakteria wa ukeni kupoteza uwiano wao, ile inayoleta majimaji ya kijivu na harufu kali. Hasira ya Koritto ikapata sababu ya pili.

*

Suluhisho la malighafi lilikuwepo tangu zamani, na lililetwa na mtu ambaye watu wengi hawamjui. Gosnell Duncan alizaliwa Grenada, kisiwa cha Karibea, akahamia Marekani kutafuta maisha. Mwaka 1965 alipata ajali kazini ikampooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Katika mikutano ya watu wenye ulemavu alikuta kwamba kila kitu kilizungumzwa, viti vya magurudumu, ajira, ngazi za majengo, lakini ngono ilikwepwa. Vifaa vilivyokuwa madukani vilikuwa vya mpira duni uliokuwa ukinuka, ukibadilika umbo kwa joto, usioweza kusafishwa sawasawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa mkemia wa kampuni ya General Electric, alipata aina ya silikoni iliyofaa. Silikoni hainywi maji, inavumilia joto, unaweza kuichemsha. Alivitengenezea vifaa hivyo nyumbani kwake Brooklyn.

Aliuza kwa watu wenye ulemavu, kisha kwa Dell Williams, aliyeanzisha New York mwaka 1974 duka la wanawake liitwalo Eve's Garden. Hallie Lieberman ndiye aliyeiandika historia ya Duncan kwa kirefu. Kinachonigusa ni kwamba hakuanza na biashara wala maadili. Alianza na swali ambalo jina la uongo halikuwahi kuruhusu liulizwe: huyu mtu atakitumia vipi hasa, na mwili wake utapata nini?

Jina la kweli kwenye hati rasmi ya kimataifa lilichelewa zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba ISO 3533, kinachohusu usanifu na usalama wa vifaa vya ngono vinavyogusa sehemu za siri na njia ya haja kubwa. Msukumo ulitoka Sweden, kwa daktari wa upasuaji aliyechoka kuwatoa watu vitu vilivyokwama ndani ya miili yao. Kiwango kinagusa malighafi, umbo, na maelezo anayopaswa kupewa mtumiaji. Toka sheria ya Comstock hadi hapo ni miaka 148.

*

Sisi tuko wapi? Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 175 cha Tanzania vinakataza biashara ya maandishi na picha chafu, na vinaendelea hadi kwenye vitu vingine vyovyote vichafu au vyenye kuelekea kupotosha maadili. Msamiati huo ni wa majaji wa Uingereza wa karne ya 19. Mwaka 1868, katika kesi ya Hicklin, waliamua kwamba kipimo cha uchafu ni uwezo wa kitu kupotosha akili ya aliye mwepesi kupotoshwa. Ukaja nasi ndani ya sheria za kikoloni, ukabaki baada ya uhuru. Kwa hiyo tuna soko linaloendeshwa kwenye Instagram na WhatsApp, kwa mifuko myeusi. Mamlaka zetu hukagua pedi, sabuni na kondomu. Sijui afisa gani angegonga muhuri wa ubora kwenye kitu ambacho sheria inaweza kukiita uchafu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya si yetu, na kuyazungumza ni kuiga. Ningewakumbusha unyago. Katika pwani hii, kungwi na somo wamewafundisha wari kwa vizazi mambo ya chumbani waziwazi, kwa nyimbo na ngoma: kujitunza, kumtunza mwenzio, kitambaa gani kinatumika na kinafuliwaje. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa uimbaji, lakini nyumbani alikuwa pia mwalimu wa unyago. Mafundisho hayo hayakuhitaji kuitwa kwa jina la kuazima. Yalisemwa na mkubwa kwa mdogo, mwanamke kwa mwanamke, kwa lugha iliyokuwepo.

Siyapambi. Mahali pengi, usafi unaofundishwa na wanawake kwa wanawake umevuka mpaka ukawa wa Lysol: kujiosha ndani kwa sabuni, kukausha, kubana. Mwaka 2011 uchambuzi uliokusanya tafiti 13 za kusini mwa Jangwa la Sahara ulionyesha kwamba wanawake waliojiosha ndani kwa sabuni, au walioingiza vitambaa na karatasi kujikausha, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Uke hujisafisha wenyewe kwa bakteria wake wa ulinzi. Ukiusugua unawaondoa walinzi. Kinachopaswa kusuguliwa ni kifaa.

Na hili ndilo jibu nililomwandikia mdogo wangu. Kifaa cha silikoni halisi, kioo kigumu au chuma kisichoshika kutu kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kabla na baada ya kutumia. Kama ni silikoni au chuma tupu, kisicho na mota wala betri, kinaweza kuchemshwa dakika chache. Chenye mota hakizamishwi kama hakikutengenezwa kuzuia maji. Kikauke kabisa ndipo kifunikwe, kwa sababu unyevu ni shamba la fangasi na bakteria. Kama hujui kimetengenezwa kwa nini, au kinanuka plastiki na kunata, kivishe kondomu mpya kila mara, na kikianza kupasuka au kubadilika rangi kitupe. Kikitumika njia ya haja kubwa kisiende ukeni bila kuoshwa au kubadilishwa kondomu, maana bakteria wa utumbo ndio wanaoleta sehemu kubwa ya UTI. Cha njia hiyo lazima kiwe na kitako kipana. Kilainishi cha maji kinafaa karibu malighafi zote, ila mafuta ya kupaka huharibu kondomu ya mpira. Usiazime wala kuazimwa bila kondomu mpya. Ukipata maumivu, harufu au majimaji yasiyo ya kawaida, nenda hospitali na useme kila kitu, hata kama usoni pa mtu kutabadilika.

Maelezo hayo yanatosha upande mmoja wa karatasi, pamoja na picha. Beate Uhse angeweza kuyabandika ukutani mwaka 1962, kwenye duka lililobeba neno "usafi" kwa jina lake. Vijidudu vya kisonono vilikuwa vimeshajulikana kwa miaka 83.